Mzee Juvénal Niyongabo, Mwonjaji wa Mvinyo wa Milima ya Baridi

Tunayemlaza leo hapa makaburi ya Rookwood, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, ni Juvénal Niyongabo, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ntirampeba na marehemu mama Kabura. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Balthazar. Mwenye kiti akae. Msomaji hajalala vizuri tangu siku ya msiba, na akikwama katikati mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mugamba, mkoa wa Bururi, kusini mwa Burundi. Mugamba ni juu milimani, kwenye mashamba ya chai, na baridi yake si ya mchezo. Asubuhi watu hutembea wamejifunga mablanketi mpaka jua lipate nguvu. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba Juvénal alichelewa kusema hadi karibu miaka minne, majirani wakaanza kunong'ona kuwa ni bubu, na siku alipofungua kinywa alikuwa anakataa uji. Tangu hapo hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kukaa na jambo kimya akiligeuzageuza, tabia iliyomsaidia sana maishani na mara moja ikamponza.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mugamba kuanzia 1973 hadi 1979. Alifaulu, lakini nafasi ya sekondari hakupewa. Sababu haikuelezwa, na wakati ule watu hawakuuliza sababu. Mwaka 1984 alishuka Bujumbura kwa mjomba wake, mtaa wa Buyenzi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili na udereva, katika gari bovu lisilo na gia ya kurudi nyuma. Alisema lilimfundisha kufikiri kabla ya kuingia mahali.

Vita vya mwaka 1993 vilimpeleka Tanzania, kambi ya Mtabila, Kasulu. Huko alikutana na Concilie, mwimbaji wa kwaya, na tarehe 10 Agosti 1996 wakafunga ndoa chini ya turubai. Concilie alikuwa na sharti moja tu. Baba yake alikuwa amemuuza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya pombe, na yeye aliapa kwamba kinywani mwake pombe haitaingia. Juvénal alikubali, kwa kuwa sharti lilihusu kinywa cha Concilie na si chake. Mwaka 2003 Concilie alifanywa shemasi wa kanisa kambini, na alipofika Australia aliendelea na ushemasi huo. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Familia ilitua Sydney tarehe 22 Juni 2006 na kuishi Merrylands, katika nyumba ile ile mliyokuja kuweka matanga. Kwa miaka minne marehemu alipakia makatoni katika ghala moja la Wetherill Park, shifti ya usiku, na Concilie alitunza wazee, shifti ya asubuhi. Walikabidhiana funguo mlangoni na kitanda hakikupata kupoa. Diane, binti yao mkubwa, anasema utotoni alidhani wazazi wote duniani hulala kwa zamu.

Mwaka 2010 alipata leseni ya malori makubwa. Akaajiriwa kuchukua makontena ya chupa tupu bandarini Port Botany, kisha kuzisambaza chupa hizo kwa viwanda vidogo vya mvinyo. Wakubwa wana malori yao. Yeye aliwapelekea wadogo, wale wa mume na mke na mbwa mmoja, walioko juu kwenye baridi: Orange, Southern Highlands, Murrumbateman. Huko zabibu huchelewa kuiva, na wenye mashamba hungoja mpaka majirani zao wa mabondeni wamekwisha kuuza. Haraka haraka haina baraka, nao wameifanya kuwa biashara.

Mwezi wa Mei 2011 alipeleka chupa kwa mzee mmoja aitwaye Douglas, kwenye mteremko wa mlima Canobolas, karibu na Orange. Foklifti ya kushushia mzigo iligoma, na wakati wa kungoja fundi Douglas akamkaribisha kibandani aonje. Alimmiminia kidogo kidogo katika glasi nne, akamwonyesha na ndoo ya kutemea. Hapo kukawa na kazi. Kwetu Burundi huwezi kutema kinywaji mbele ya aliyekumiminia, ni sawa na kumtemea yeye. Kumeza nako hakuwezekani, lori linamngoja nje. Basi Juvénal akaonja, akainua mkono kuomba ruhusa, akatoka taratibu mashavu yamejaa, akazunguka nyuma ya tangi, akatema kwenye majani, akajifuta, akarudi na kusema, "Asante, ni mzuri." Alifanya hivyo mara nne. Douglas alimhurumia, akamwelekeza choo kilipo.

Tangu mwaka ule, kila Jumamosi ya tatu ya mwezi alipanda milimani kwa gari lake mwenyewe. Mara nyingine Diane alimsindikiza. "Baba, just spit, please. Kila mtu anatema kwenye ndoo," alimwambia. Marehemu akamjibu, "Kila mtu hakuzaliwa Mugamba." Alipoulizwa anafuata nini huko, na sisi sote tunajua alivyokuwa amechoka, alisema, "Chupa nazipeleka tupu mwaka mzima. Acha nami nikaone wamezijaza nini." Hakuwa mlevi. Aliyetaka kumwona mlevi hakumwona. Alinunua chupa moja kila safari, nazo zilikaa gereji, nyuma ya mashine ya kukata majani, kwa kuwa ndani ya nyumba hazikuruhusiwa. Kwa miaka kumi na miwili Concilie hakupanda gari hilo hata mara moja. Waligombana kwa hilo, kisha Concilie akachoka kugombana kabla mumewe hajachoka kwenda.

Mwezi wa Oktoba 2023 marehemu alikutwa na saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, na Januari 2024 akaanza kemo. Dawa ilimwachia uhai na kumnyang'anya ulimi. Kufikia Aprili kila chakula kilikuwa kama karatasi. Hakulalamika, lakini mwezi wa sita aliomba jambo moja, apelekwe kwa Douglas. Kuendesha hakuweza. Diane alikuwa na shifti, mdogo wake Gratien alikuwa Perth. Ikabaki kuwa Concilie ndiye wa kushika usukani.

Jumamosi tarehe 15 Juni 2024 walifika Orange kukiwa na barafu kwenye majani. Douglas alimimina. Juvénal aliweka kinywani, akangoja, akameza. "Maji," alisema. Akajaribu ya pili. "Maji." Akaiweka glasi mezani na kuanza kulia. Concilie anasema hakuwahi kumwona akilia, si kambini, si alipozikwa mama Kabura. Basi yeye akaichukua ile glasi, akanusa, akaonja, akatoka nje mashavu yamejaa, akazunguka nyuma ya tangi, na akarudi.

"Bon," alisema. "Huu una ibinyomoro."

Ibinyomoro ni yale matunda mekundu ya nyumbani yanayokatwa nusu na kuliwa kwa kijiko. Juvénal akauliza, "Mabivu au mabichi?"

"Mabichi bado. Yanakwaruza. Na nyuma yake kuna moshi, kama nguo ya mtu aliyetoka jikoni."

"Moshi wa kuni?"

"Wa kuni, Juvénal. Wa kuni mbichi."

Marehemu alifumba macho. "Endelea," alimwambia.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Concilie alionja glasi zote tano siku hiyo, na baada ya hapo walikwenda tena mara saba, ya mwisho ikiwa Februari mwaka huu. Yeye alionja na kutema, mumewe alisikiliza. Mwenye shamba mmoja wa Murrumbateman alimuuliza anafanya kazi kampuni gani ya mvinyo. Alimjibu kwamba anaogesha wazee.

Jambo linalofuata Concilie mwenyewe ametaka lichapishwe. Mwezi wa Agosti 2024 alimwendea mchungaji na kumweleza yote, bila kuulizwa na mtu. Alimwambia, "Mchungaji, kwetu anayekupa kinywaji huonja yeye kwanza. Ninamwonjea mume wangu mgonjwa. Sikumeza." Mchungaji akasema, "Ninakuelewa, mama shemasi. Lakini hao wanaokutazama wataelewa?" Akaombwa akae kando na ushemasi, naye akakubali. Hatukuja hapa kugombana na mchungaji, ambaye amesimama nasi na amevaa koti la baridi kama sisi. Ila imesemwa huko nje kwamba Juvénal alimpotosha mkewe mpaka akavuliwa utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Concilie anataka ijulikane kwamba mumewe hakujua. Alimficha, kwa sababu aliona akijua hatampa tena glasi. Kila Jumapili, marehemu akiwa amebaki nyumbani kitandani, mkewe alifunga shingoni kitambaa cheupe cha mashemasi, akamuaga, akakifungua akiwa ndani ya gari mbele ya kanisa, na kuingia kuketi viti vya nyuma. Marehemu amekwenda bila kujua.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 28 Aprili 2025. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Concilie. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, wengi wao ni watoto wetu wa Kikenya, waliomwita mzee na kumgeuza kitandani kwa upole.

Hapa kitabu mlichoshika kinaendelea na orodha ya familia. Msihangaike kutafuta ukurasa, kwa kuwa hili halikuchapishwa. Kitabu kilisomwa na Concilie kabla ya kwenda kwa mchapaji, na marehemu aliagiza hili asilione. Balthazar analisoma kwa sababu aliahidi, wala si kwa sababu anapenda.

Jumanne tarehe 6 Mei marehemu alimwita kitandani. Alikuwa akisema kwa kupumzika, maneno machache kila mara, nayo ni haya.

"Nilijua. Mchungaji alikuja kuniombea mwezi wa Septemba, akanipa pole kwa mama shemasi kukaa kando. Alidhani nimeambiwa. Nikaitikia amina. Ningemwambia Concilie kwamba najua, angeacha. Na mimi nilitaka aonje. Nilitaka anisimulie. Mwezi mzima nilikuwa nikingoja siku hiyo moja tu. Basi nikanyamaza, Balthazar, nikamwacha apoteze. Jumapili moja alisahau kile kitambaa. Nikainuka, nikamfuata mlangoni, nikampa. Nikamtazama anakifunga."

Balthazar alimwambia, "Kaka, mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje anaegesha gari."

"Nimechoka. Tena nikimwambia atasema si kitu. Unamjua. Sitaki aseme si kitu. Msomee siku ya kunizika, mbele ya wale wale wa kanisani. Sema nilijua, nilimkosea, na ninaomba anisamehe."

Mlango ukafunguliwa, Concilie akaingia na thermos ya uji, na mazungumzo yakageuka yakawa ya uji. Wiki tano zilizobaki hakulitaja tena. Balthazar alikaa nalo, na kila alipomwona shemeji yake akimpangusa mgonjwa midomo alitamani aliseme palepale liishe. Hakulisema. Nyumba ya mzee Ntirampeba imezaa wanyamavu watupu, na leo mmoja wao amelipa deni la mwingine.

Marehemu ameacha watoto watatu: Diane wa hapa Sydney, Gratien wa Perth, na Nicole anayemaliza shule mwaka ujao. Ameacha mjukuu mmoja, ndugu mmoja aliyesimama hapa, na dada wawili huko Mugamba walioshindwa kupata viza. Ameacha mjane, Concilie, aliyesikia maneno haya sasa hivi pamoja nanyi. Shemeji, hutakiwi kujibu leo. Hutakiwi kujibu wiki ijayo pia, na ukikasirika, kasirika. Tunawaomba ndugu wote mtakaomshika mkono baada ya kufukia kaburi, msimwambie kwamba si kitu.

Mungu amlaze kaka yetu Juvénal kwa amani, na huyu mjane wake aliyembeba mpaka hapa apate naye pa kupumzikia.