Mama Chumvi: Aliyeuacha Mkono Utetemeke

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chumvi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Dada yake mkubwa husema alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajaota meno.

Alisoma shule ya msingi mtaani hapohapo. Akiwa darasa la tano alichaguliwa kughani shairi mbele ya wazazi. Lilikuwa limemkaa kichwani barabara, lakini aliposimama jukwaani likamtoka lote, na ukumbi mzima ukacheka. Aliporudi kuketi tu, beti zote zikarejea. Njiani kwenda nyumbani akamuuliza mama yake, "Yalikwenda wapi yale maneno?" Mama akamjibu, "Sijui, mwanangu. Ukipata jibu, nami unieleze." Alimweleza miaka kumi na saba baadaye, siku alipotunukiwa shahada ya uzamivu.

Kuanzia mwaka 1979 hadi 2011 alifundisha chuo kikuu na kuongoza maabara ya ghorofa ya pili, ile yenye dirisha lisilofungika. Alichunguza dopamini, noradrenalini na serotonini, kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari, na jinsi zinavyoiongoza sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambako mtu hupanga, hujizuia na huamua. "Ni kama chumvi," aliwaambia wanafunzi. "Ikipungua, mboga haina ladha. Ikizidi, hailiki. Mtu akishikwa na hofu, dopamini na noradrenalini huzidi pale mbele, na kazi inalala. Huyo si mjinga, ni chumvi imezidi." Ndiyo maana katika mitihani yake ya mdomo hakuna aliyeulizwa swali kabla hajaketi, akanywa maji na kusimulia habari za nyumbani kwao. Familia inajivunia kwamba baadhi ya waliokunywa maji yale leo ni maprofesa, na wamo humu.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea koti lake la kwanza la maabara. Alilirudisha mara tatu kwa sababu mikono ilikuwa mirefu. "Mara ya kwanza nilikosea kweli," mzee husema. "Hizo nyingine nilikusudia." Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, ambao huua seli zinazotengeneza dopamini. "Nimeichunguza maisha yangu yote," alisema, "leo imenihama." Mumewe, aliyeumia kumwona akimwaga chai, alimsihi daktari aongeze dawa. Dawa ikaongezwa, mkono ukatulia tuli, na mzee akafurahi. Lakini wiki ile marehemu alifumua magauni matatu ya wateja wa mumewe ili ayaboreshe, asimalize hata moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua. Mkono ulikuwa umepata kiasi chake cha dopamini, lakini ile sehemu ya nyuma ya paji la uso ikazidishiwa.

"Mume wangu," alimwambia jikoni, "mikono imetulia, lakini mwenye mikono simwoni."

"Ukitetemeka naumia, mke wangu."

"Najua. Ila heri nimwage chai nikijua ninammwagia nani."

Daktari akakubali kupunguza. Mzee akang'oa vifungo vya nguo zote, za mkewe na zake, akatia zipu, ili mkono ule usihangaike.

Mwaka 2019 chuo kilimwalika atoe mhadhara wa mwisho. Alisimama, kikombe kikigonga kisahani mkononi mwake hadi waliokaa viti vya nyuma wakasikia. "Msinionee huruma," alisema. "Hiyo kelele nimeichagua." Kisha akafundisha saa nzima bila karatasi, na alipomaliza, akaghani lile shairi la darasa la tano, lote. Ukumbi ulisimama.

Alifariki kwa nimonia tarehe 2 Septemba 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu, baada ya kumkumbusha mumewe kuwa zipu ya suruali yake iko wazi.

Ameacha mume, dada mkubwa, binti na mwana, wajukuu wanne, na wanafunzi wasiohesabika. Mkono wake sasa umetulia, na akili aliondoka nayo nzima. Apumzike kwa amani Mama Chumvi wetu.