Raili Kettukangas, Aliyegoma Kuliondoa Lango

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Raili Kettukangas anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya Oulu, Finland, kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi tunaobaki tunaogopa, na sioni sababu ya kuficha.

Alianza kwa kuunganisha nyaya. Baadaye akakabidhiwa mtandao wa ndani wa simu za vipande, zile ambazo kamera, betri au redio huchomolewa na kupachikwa nyingine bila kuizima simu. Vipande hivyo lazima vizungumze. Raili akasanifu lango katikati yao: kimoja kikiharibika na kuanza kupayuka, yaani kutuma ishara ovyo, lango linakifungia nje.

Majira ya baridi ya 2019, simu za waokoaji wa Lapland, kaskazini kwenye theluji, zikisubiri kusafirishwa, meneja Jarmo Ylitörmä aliagiza lango liondolewe ili betri idumu saa mbili zaidi. Tulizipima ndani, kwenye joto la nyuzi ishirini na moja, tukasaini kibali. Raili akagoma.

"Usitucheleweshe bwana, wenzako kumi na wawili wamesaini!" Jarmo akafoka.

"Basi kumi na wawili mmekosea. Njooni tunywe kahawa."

Akaiacha simu moja iliyoondolewa lango kwenye roshani, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, hadi mikate ya iliki tuliyoinywea kahawa ikakaribia kwisha. Alipoiingiza ndani, umande ukatanda kwenye viungio. Kamera ikaanza kupayuka mfululizo, redio isipate nafasi.

"Haya Jarmo, umevunjika mguu. Piga."

Jarmo akapiga. Kimya. Akapiga tena. Chumba kizima kikaacha kutafuna.

Mwokoaji anayeingia kibandani kutoka kwenye theluji, majeruhi mgongoni, angepata kimya hichohicho. Sisi, tunaoishi na baridi nusu ya mwaka, tuliisahau baridi! Ndivyo watu wanavyouawa na watu wema wenye haraka. Lango likarudishwa siku ileile.

Jumatatu toleo jipya linaletwa kusainiwa, na pendekezo la kuliondoa lango limo tena, safari hii ili simu iwe nyembamba zaidi. Juzi tulimsihi Raili aje siku hiyo, hata kwa saa moja.

"Siji. Kalamu mnazo, na kuandika 'hapana' mnajua."

Asante, Raili, kwa kukataa tulipokuwa tukikubali. Nenda kavue samaki kwenye barafu. Tunakutakia afya na miaka mingi ya utulivu. Sisi tutakie woga wa kutosha.