Kapteni Mwaisha Sufiani Mkude, Aliyezoea Kusubiri Jibu

Wazee wetu, shikamooni. Wanajeshi mliotoka Dakawa na Gairo, majirani wa Bigwa, na ndugu mlioshuka kutoka Kinole na mvua hii, asanteni kwa kuja. Marehemu ni mama yangu mkubwa. Jeshini walitaka wasifu wake usomwe na ofisa, bibi akasema usomwe na mtoto aliyemuuguza. Shule sikukaa sana, mtanivumilia.

Kapteni Mwaisha alizaliwa tarehe 9 Juni 1976 kijijini Kinole, katika milima ya Uluguru, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Sufiani Mkude na Bi Nasra. Bibi anasema alikuwa mtoto wa kutazama kuliko kusema. Watoto walipoteremka na ndizi kwenda gulioni, yeye alikaa nyuma ya wote, na hakutua mzigo wake mpaka wadogo wawe wametua. Siku moja mvua iliwakuta kwenye mteremko, njia ikawa utelezi mtupu, wenzake wakaanza kulia. Yeye akasema, "Kaeni kwanza." Wakakaa hapo hapo kwenye matope, na mizigo vichwani. Walipojitazama wakacheka, wakainuka, wakafika. Hilo neno alikwenda nalo maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi Kinole kuanzia mwaka 1984, kisha sekondari mjini Morogoro, akamaliza kidato cha sita mwaka 1997. Mwaka uliofuata alichaguliwa kujiunga na chuo cha urubani wa anga za juu kule Gairo. Barua ilipofika, babu aliuliza, "Huko juu kuna nini ambacho hapa mlimani hakipo?" Akajibu, "Sijui, baba. Nikirudi nitakwambia." Babu alifariki hajarudi.

Aliruka mara ya kwanza Machi 2001 kutoka uwanja wa Dakawa, ule wa ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Mwaka 2011 alipandishwa cheo kuwa kapteni, akapewa Kimhandu, chombo cha doria cha njia ya Mirihi, chenye jina la kilele chetu. Kazi yake ilikuwa kulinda meli za mizigo dhidi ya waasi wa migodi ya huko.

Sajini Dominiko, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, anasema Kapteni hakuwa mtu rahisi. Hakusifu mtu. Ukifanya vizuri alikutazama tu, akapita. Ukidanganya, hata kwa jambo dogo, alikurudisha duniani kwa meli inayofuata. Lakini hakupandisha sauti hata siku moja, na hakula mpaka wa mwisho wao awe amepewa sahani. Akiogopa, dalili ilikuwa moja tu: alivua kilemba akakifunga upya, polepole. Kuna siku mkuu wa kikosi aliingia chomboni akifoka, mate yanaruka. Kapteni akamwambia, "Afande, kaa kwanza." Na afande akakaa! Dominiko anasema walitazama sakafu wote wasije wakacheka.

Aliyethubutu kumtania alikuwa mmoja, fundi wa injini, Bhavesh, mtoto wa mzee Kanubhai wa duka la vitambaa hapo mjini. Alikuwa akimwambia, "Kapteni, wewe hata moto ukiwaka utauambia ukae kwanza." Kapteni anajibu, "Moto nitauambia usimame. Wewe ndiye utakaa." Walikuwa hivyo, watu wa mji mmoja, wakiulizana habari za mvua ya nyumbani.

Alifunga ndoa na Bwana Abasi tarehe 5 Julai 2003, pale Kinole. Hawakujaliwa mtoto, wakatulea sisi watoto wa mdogo wake. Sauti kutoka Mirihi inachukua dakika nyingi kufika, na jibu lake nyingi tena. Baba mkubwa Abasi anapenda kusema, "Nimeoa mtu ambaye ukimuuliza amekula nini, jibu linakukuta umeshaosha vyombo na umelala." Lakini alikuwa anakaa pale kwenye redio anasubiri, na yeye kule juu anasubiri.

Tarehe 21 Agosti 2016 waasi waliipiga Kimhandu upande wa nyuma. Moto ukashika chumba cha injini, hewa ikaanza kuvuja. Bhavesh alikuwa ndani. Mlango usipofungwa, chombo kizima kinakufa na watu wote. Dominiko alikuwa karibu na mlango, akanyoosha mkono. Kapteni akamsogeza, akaufunga mwenyewe. Alisema, "Hii usije ukalala nayo wewe." Chumba kile kilikatika kikapotea. Mzee Kanubhai hakupata hata majivu ya kwenda kumwaga mtoni.

Kapteni aliporudi, kabla ya kufika nyumbani, alikwenda dukani na magwanda yake. Akasema, "Shikamoo, mzee Kanubhai. Mlango niliufunga mimi." Mzee hakuitikia. Akageuka, akaendelea kukunja kitambaa.

Kila likizo alikwenda tena. Na alipostaafu mwaka 2019, akawa anakwenda kila Jumamosi. Anasimama kibarazani, anasema, "Shikamoo, mzee Kanubhai," anangoja. Wateja wanaingia wanatoka. Halafu anasema, "Haya mzee, tutaonana," anaondoka. Vijana wa pale walimcheka: "Kapteni wa Mirihi ameshindwa na muuza vitambaa!" Mama yangu alikuwa anakasirika, anamwambia, "Dada, yule mzee ana kiburi, achana naye." Yeye alijibu, "Sauti ikitoka mbali inachelewa. Mimi nimezoea."

Alistaafu kwa sababu ya mapafu. Vumbi jekundu la kule liliingia humo halikutoka. Kwanza ilikuwa kikohozi cha asubuhi, baadaye akawa hawezi kupanda hata kijinjia cha kwenda kisimani. Mwaka huu alikuwa analala amekaa, kitanda kimegeuzwa dirishani auone mlima, na siku nyingi hakuuona, ulikuwa umefunikwa na ukungu. Mwezi uliopita alilazimisha kupelekwa dukani, Abasi amemshika huku, mimi huku. Alisema "Shika..." kikohozi kikamkata, akarudia, akamaliza. Mzee Kanubhai alisimama kutoka kwenye stuli yake. Alifungua mdomo. Halafu akakaa tena.

Alifariki nyumbani Bigwa, Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa tatu asubuhi. Aliuliza kama wote tumeshakunywa chai. Mama akamwambia tumeshakunywa. Akafumba macho.

Jana mama yangu na Sajini Dominiko walikwenda kununua sanda. Mama hakutaka liwe duka lile, Dominiko akasema liwe lile lile. Mzee Kanubhai hakumwachia kijana wake, alipima mwenyewe, akakata mwenyewe. Ndipo Dominiko akamweleza jambo ambalo Kapteni alimkataza kulisema miaka yote. Siku ile Bhavesh alisema kwenye simu ya ndani, mlango ukiwa bado wazi: "Funga, Kapteni. Ukimaliza, ukae kwanza." Dominiko alitaka kumwambia mzee tangu mwanzo, Kapteni akamkatalia: "Yule amefiwa na mtoto. Usimpelekee maneno ya kunisafisha mimi."

Mzee Kanubhai aliweka mkasi chini. Akasema, "Ndiye huyo Bhavesh. Ndivyo anavyosema."

Mama akamuuliza, kwa hasira hasa, "Sasa mzee, salamu tu, kwa nini ulimnyima dada yangu?"

Akasema, "Mama, mwaka wa kwanza ilikuwa hasira. Baadaye niliogopa. Yeye ndiye wa mwisho kumsikia mwanangu. Nilisema nikiitikia ataona yamekwisha, hatakuja tena. Nilikuwa nangoja siku moja aniambie mtoto alisema nini."

Basi wote wawili walikuwa wanangoja. Yeye ndani, Kapteni kibarazani.

Wakati mama anaondoka na kitambaa, mzee alimfuata mpaka barabarani, mvua inamnyeshea. Akasema, "Mfikishie. Mwambie marahaba. Mwambie nimeitika."

Mistari hii inayofuata haimo kwenye karatasi mlizopewa, kwa sababu ni ya asubuhi hii. Wakina mama walipomaliza kumwosha marehemu, kabla ya kumfunika uso, bibi aliomba nafasi. Aliinama, akamsemea sikioni kama mtu anayemwamsha mtoto asichelewe shule: "Mwaisha. Mzee Kanubhai ameitika. Amesema marahaba." Akasubiri kidogo. Halafu akawaambia wamfunike.

Marehemu ameacha mume, Bwana Abasi; mama mzazi, Bi Nasra; mdogo wake, Mwanahawa; sisi watoto tuliolelewa naye; Sajini Dominiko na wenzake wa Kimhandu; na mzee Kanubhai, yule aliyekaa pale mwisho wa turubai. Mkipita kwake, msalimieni.

Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, na huko alikokwenda salamu zake zisichelewe tena.