Mista Ermes Bonfadini Aaga Benchi la Valdosa

Baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha soka, kumi na sita kati ya hiyo hapa Valdosa, Mista Ermes Bonfadini (hapa Italia kocha huitwa Mista) anastaafu tarehe 31 Mei. Mimi ni mchua misuli wa timu, na nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alianza kwa kufundisha wafanyakazi wa kiwanda cha sukari karibu na Rovigo. Klabu saba zilimtimua. Sisi alitupandisha hadi daraja la nne, licha ya uwanja wetu huu unaojaa maji kila mto Po unapofura. Winga akichelewa mazoezini aliambiwa, "Karibu, bwana mkubwa. Tukuletee kahawa hapo hapo?" Mazoezi yakiisha, Mista alimnunulia kweli.

Mwaka huu alianza kusahau. Kwanza majina, kisha njia ya kwenda kwake. Mkewe, Ivana, alikuja kutuomba: "Mwacheni amalize msimu. Akikaa nyumbani, ndiyo basi tena." Tukakubali wote.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Hadi mapumziko ilikuwa bila bila. Mista akasimama ubaoni, akapanga kikosi chake cha mwaka 1994. Beki wa kati alikuwa Walter Brusaferro, aliyekufa zamani kwa ajali ya barabarani.

"Walter, yule namba tisa usimwachie. Panda naye mpaka katikati. Umesikia?"

Alikuwa akimtazama nahodha wetu, Denis Tosarello. Denis alijua kwamba akipanda, nyuma yake kunabaki wazi. Akawaangalia wenzake, akainamisha kichwa.

"Nimesikia, Mista."

Kocha msaidizi alimshika mkono mlangoni. "Denis, cheza tulivyokubaliana."

"Basi kamwambie wewe."

Hakwenda. Nami ningeweza kusema neno. Nikaendelea kukunja mataulo.

Denis alipanda, nasi tukafungwa matatu. Tumeshuka, na mwenyekiti hajui kama Agosti kutakuwa na klabu. Mjini wanatuita wajinga.

Baada ya filimbi Mista aliwapa wachezaji mkono, mmoja mmoja, akiwapongeza kwa ushindi. Denis alimlilia begani. "Basi, Walter," akamwambia, akimpapasa mgongo. "Tumeshinda, bwana. Kaoge."

Asante, Mista, kwa yote. Tunakutakia siku njema pamoja na Ivana, kwa muda wowote utakaoendelea kumjua.