Piano mu nyumba ya kilio

Wamama wenzangu wa kikundi, mumeniomba niseme, basi nitasema. Mwenye itamuuma avumilie. Mi pia iliniuma.

Munajua nilizika binti yangu, akaniachia mutoto wa miezi ine. Kwetu, nyumba yenye kilio haipigi muziki mpaka siku ya kuganduka, wakati familia inakusanyika kuondoa kilio. Mi nilifuata. Redio niliifunga mu kitenge, nikaisukuma chini ya kitanda. Lakini usingizi nao ukaenda. Nilikuwa nalala macho wazi, naangalia mabati mpaka yapate mwanga.

Mujukuu wangu mukubwa akaniletea telefone yake. "Bibi, sikiliza piano kidogo. Inaenda polepole, hakuna mutu anaimba."

Nikamufokea: "Toa hiyo takataka! Udongo wa mama yako mudogo haujakauka!"

Wamama, nawaambia, mufiwa naye ana kiburi. Siku moja nakaanga ndagala, vile visamaki vidogo, mutoto iko mu mugongo, nikasinzia nimesimama. Karai ikapinduka, mafuta yakanimwagikia muguu. Huu hapa, tazameni. Ningekuwa nimemubeba mbele, leo tungekuwa na makaburi mawili.

Jioni ile nikamwambia mujukuu: "Leta ile kitu yako." Akaiweka karibu na muto, sauti ya chini. Piano ilikuwa inaanguka moja moja, kama mvua inayoishia juu ya mabati. Nililia kwanza. Nilikuwa sijalia tangu makaburini. Kisha nikaamshwa na mutoto, jua limeshatoka.

Ee, mukasikia ile piano! Mumoja wenu akasimama mu mulango wangu: "Mama ya marehemu anafanya feti, anasherehekea mu kilio!"

Nikamujibu: "We ulikuja ku kilio, ukala sahani mbili. Uliniuliza kama nalala?"

Mpaka leo ananisalimia kwa kidevu.

Sisemi nimepona. Apana. Lakini karai naishika vizuri. Namushukuru Mungu, namushukuru mujukuu aliyerudi hata kama nilimufokea, na jirani aliyenibebea mutoto wakati nilishindwa kukanyaga. Nyinyi wengine, asante kwa kuja kula.

Mukienda kwa mufiwa mwingine, mumuulize: "Ulilala?" Kisha munyamaze, musikie jibu.

Kuganduka ni juma linalokuja. Mukuje. Redio nitaitoa chini ya kitanda, mucheze. Lakini saa ya kulala ikifika, murudi kwenu. Mi nina piano yangu.