Oiva Tiensuu na Ramani ya Barafu ya Ziwa Kaitavesi

Halmashauri ya Kaitaniemi, katika kikao chake cha tarehe 10 Machi 2025, kifungu cha tisa, iliazimia kwa kauli moja kwamba Ramani ya Barafu ni mali ya jamii nzima, kwamba ilijengwa kwa mikono ya jamii nzima, na kwamba itaendelea bila kukatika hata siku moja. Wajumbe walisimama dakika moja kwa heshima ya marehemu, kisha wakaketi na kuendelea na kifungu cha kumi, kilichohusu taa za maegesho ya magari. Familia inashukuru kwa azimio hilo, na kwa dakika hiyo.

Marehemu Oiva Johannes Tiensuu alizaliwa tarehe 4 Desemba 1957 katika shamba la Ylälä, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa Eelis na Hilja Tiensuu. Mkunga aliletwa kwa farasi juu ya barafu ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Enzi hizo barafu ilipimwa kwa kuvukwa: aliyefika aliwaambia wengine kuwa ni nene.

Alianza shule ya msingi ya Kaitaniemi mwaka 1964, akivuka ziwa kwa skii, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Ripoti ya darasa la tatu bado ipo, na mwalimu wake aliandika hivi: "Oiva huongea inapobidi. Mwaka huu haikubidi." Mwaka 1980 alihitimu upimaji ardhi katika chuo cha ufundi huko Oulu, na mwaka uliofuata aliajiriwa katika ofisi ya barabara ya Kajaani, ambako alichora ramani hadi alipostaafu mwaka 2020. Kompyuta zilipoletwa ofisini wenzake walizilalamikia. Yeye alizipenda. Alisema hazina mazoea ya kuuliza habari za nyumbani.

Alifunga ndoa na Raili Karppanen siku ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, tarehe 23 Juni 1984. Posa yenyewe ilikuwa imetolewa mwaka 1981 kando ya kibanda cha mashua, kwa maneno haya: "Kama huna mpango mwingine, tunaweza kuoana. Si haraka." Raili aliyachukua maneno hayo kama yalivyo, akakaa miaka mitatu, hadi mama yake Oiva alipomweleza kwamba kijana hali chakula vizuri tangu siku ile. Ndipo Raili alipojifunza lugha ya mumewe. Oiva akisema kuna ubaridi kidogo, vaa makoti mawili. Akisema supu inalika, mpikaji asikie fahari mwezi mzima. Walijaliwa binti mmoja, Hanne.

Machi 2004 jirani yao Lauri Moilanen alizama na pikipiki yake ya theluji katikati ya ziwa, mahali ambapo wavuvi watatu walijua kuwa barafu yake imeoza. Kila mmoja alidhani wenzake wamekwisha kumwambia. Alipatikana mwezi wa Mei. Oiva alirudi kutoka mazikoni, akavua tai, akaketi mbele ya kompyuta, na kufikia Desemba 2005 ramani ilikuwa tayari. Mtu anatoboa barafu kwa keekee, anapima, anatuma namba kwa simu, na programu inachora njia iliyo salama. Programu hiyo aliiweka wazi mtandaoni, msimbo wake wote, ili yeyote aisome, aitumie na airekebishe bila kuomba ruhusa. Ilitumika katika maziwa mia tatu na kumi na mawili, ndani na nje ya Ufini. Wengi waliisoma. Wengi walileta taarifa za hitilafu. Aliyezirekebisha alikuwa Oiva, kwa miaka kumi na tisa, na kila aliyeandika alijibiwa siku hiyo hiyo: "Asante. Nimerekebisha." Mama mmoja wa Estonia ameandika kutoa pole, akikiri kwamba huko kwao walidhani OIVA ni kifupi cha jina la idara.

Si wote walioandika kwa upole. Pentti Huusko, mpimaji wetu wa ng'ambo ya ziwa, hupendelea simu.

"Wee Oiva! Ramani yako inaniambia sentimita kumi na nane, mguu wangu unaniambia maji!"

"Mguu uko wapi?"

"Ndani ya soksi iliyolowa, utakuwa wapi tena!"

"Basi tuma namba, bwana. Soksi programu haizisomi."

Tangu ramani ile iwepo, hakuna aliyezama Kaitavesi. Jambo hilo halijawahi kutajwa katika kikao chochote, maana asiyezama haandikiwi kumbukumbu.

Kuanzia mwaka 2014 marehemu alitafuta mtu wa kumrithi. Chini ya maelezo ya kila toleo jipya, katika kipengele cha mwisho, aliandika: "Nina uchovu kidogo. Mwenye nafasi anaweza kujifunza kazi hii. Si haraka." Hapa kwetu mtu akisema ana uchovu kidogo, adabu ni kujifanya hukusikia. Na desturi ya ujima ni kwamba watu huja wakiitwa. Oiva alidhani ameita. Miaka kumi na moja watu waliheshimu neno lake, wakawa hawana haraka.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Katika toleo la Oktoba alibadilisha sentensi, akaandika kuwa huenda majira hayo asiwe na muda mwingi. Watu arobaini na mmoja walibonyeza alama ya kidole gumba.

Raili alimfuata wodini na simu mkononi.

"Waandikie kwamba unakufa."

"Watashtuka."

"Ndiyo maana ya kuwaandikia, mzee wangu!"

"Ule ni ukurasa wa hitilafu, Raili. Mimi si hitilafu."

Januari, aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Pentti alivuka ziwa bila kuitwa, akavua kofia mlangoni, akasema, "Nifundishe mimi." Alikuwa na miaka sabini na mmoja na uzoefu mkubwa wa misumeno. Walikaa siku nne. Pentti alijifunza kuwasha kompyuta na kuizima, na katika kuzima alionyesha kipaji.

"Si kichwa changu hiki, kaka," alisema siku ya nne. "Nisamehe."

"Umekuja," Oiva alisema. "Hilo si dogo."

Raili alikuwa jikoni. Alipolisikia neno hilo aliketi chini, maana katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kumsikia mumewe akimsifu mtu kwa nguvu namna hiyo.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 26 Februari 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Neno lake la mwisho kwa daktari lilikuwa kwamba anajisikia vibaya kidogo.

Ameacha mjane, Raili, binti, Hanne, na mumewe Jouni, mjukuu mmoja, Vieno, dada yake Kerttu, shemeji yake ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, na wapimaji sitini na wawili wa ziwa hili, ambao bado wanatuma namba. Mungu ampumzishe Oiva kwa amani, mahali ambapo hakuna cha kurekebisha.

Baada ya mazishi kutakuwa na kahawa katika ukumbi wa parokia. Tarehe 2 Machi kituo cha hali ya hewa, ambacho namba zake husomwa na programu, kilibadilisha mpangilio wa namba hizo, na ramani imesimama tangu siku hiyo. Ndugu wa ng'ambo ya ziwa wamezunguka leo kwa barabara, kilomita arobaini na moja. Tunaomba wahudumiwe kwanza.