Mkono wa Mama Kwenye Jenereta

Baba Padri Metodi, ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wetu, wastaafu wa kiwanda cha sufu, pamoja nanyi wenzake wa redio mliotoka Sevlievo na Tarnovo, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Vesela, mtoto wa pili wa marehemu, nasoma kwa sababu kaka yangu Plamen ameshindwa, na mniwie radhi nikisoma kwa sauti kavu, maana tangu Alhamisi nimekufa ganzi, nakunja nguo, napokea wageni, na machozi hayajanitoka.

Marehemu Vitan Dragoev alizaliwa tarehe 14 Februari 1941, hapa hapa Gabrovo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Hristo, fundi viatu, na bibi Tsonka, siku ambayo babu alikuwa shambani akipogoa mizabibu kama ilivyo desturi ya siku hiyo, na aliporudi alikuwa ameshakunywa, hivyo jina la mtoto likachaguliwa na mkunga. Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha shule ya ufundi wa umeme hadi mwaka 1959, na mwaka 1960 akaenda jeshini Sliven, akapangiwa kikosi cha mawasiliano, ambako alifundishwa kutuma maneno kwa nukta na mistari, yaani milio mifupi na mirefu, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Alipotoka jeshini aliajiriwa kiwanda cha sufu kama fundi umeme, akakitumikia hadi alipostaafu mwaka 2001.

Tarehe 25 Septemba 1966 alifunga ndoa na mama yetu, Nevyana, aliyekuwa msokota nyuzi kiwandani humo, wakajaliwa watoto wawili, Plamen mwaka 1968 na mimi mwaka 1972. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa jeshi lilikuwa linatupa redio zake za zamani za upepo, zile za mgongoni zilizobebwa wakati wa vita, na marehemu akaileta moja nyumbani kwa toroli, pamoja na jenereta yake ya kuzungusha kwa mikono miwili, akiwa tayari ana leseni ya kuongea hewani na wapenzi wenzake wa redio. Tatizo ni kwamba redio ile ilihitaji watu wawili, mmoja abonyeze kibonyezo cha kutuma nukta na mistari, mwingine azungushe jenereta, na mtu wa pili nyumbani alikuwa mama.

Mama alizungusha. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikaa kwenye kigoda kile cha jenereta, akilalamika kwamba anasaga kahawa ambayo hajawahi kuinywa, na marehemu humjibu, "Saga, mke wangu, maji bado hayajachemka." Kidhibiti cha jenereta, kile cha kusawazisha umeme, kilikufa zamani na marehemu hakukibadilisha, hivyo mama akikasirika mlio wa redio yetu hewani ulipanda, akianza kumsimulia jirani mambo ya watu mlio ulishuka, na kila aliyekuwa upande wa pili alijua hali ya nyumba yetu kabla hajapata neno hata moja.

Redio ile ilitoa wati moja tu. Wenzake mliopo hapa mlikuwa na mitambo ya mamia ya wati, mkamcheka sana, na marehemu Gancho, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, alizoea kumwambia, "Vitan, sisi Wagabrovo ni wabahili, lakini wewe unabania mpaka hewa, ongeza moto bwana, tunakutafuta kwa tochi." Naye hujibu, "Anayenitaka atanyamaza anisikie."

Aliyenyamaza akamsikia ni mzee Miodrag, mshonaji wa Knjaževac, ng'ambo ya milima, Mserbia. Tangu mwaka 1974 waliongea kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, habari za maboga na pilipili za kuoka, za wajukuu, za magoti, na wakati wakubwa wa nchi zetu hawasalimiani, wao walisalimiana. Walionana ana kwa ana mara chache, lakini marehemu alisema anaujua mkono wa Miodrag kuliko uso wake, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kubonyeza, kama alivyo na mwandiko wake.

Mwezi Oktoba 2019 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito hata jina langu halikumtoka tena. Majira yote ya baridi alijifunza kubonyeza kwa mkono wa kushoto, akikosea, akitupa kibonyezo chini, akiomba kiokotwe. Plamen, kwa nia njema kabisa, alimwonea huruma mama ambaye bega lilikuwa limechoka, akanunua kifaa cha kuunganisha redio kwenye umeme wa ukutani, jenereta ikawekwa stoo. Mzee Miodrag alikuwa amesikia hewani tu kwamba rafiki yake anaumwa; nilitaka kumpigia simu nimweleze habari za mkono na umeme, marehemu akaandika kwenye kikaratasi kwa mkono ule mmoja, herufi zimelala, "Asiambiwe." Alitaka ajulikane mwenyewe.

Jumapili ya kwanza aliita. Miodrag alimsikia, akauliza ni nani, na alipopewa jina alijibu kwamba huo si mkono wa Vitan wala huo si mlio wa Vitan, na akaongeza maneno ambayo Plamen, anayeelewa nukta na mistari, alituambia baadaye kwa shida, "Wewe mtu, muogope Mungu. Mwache mgonjwa apumzike na jina lake." Kisha akazima. Jumapili ya pili hakujibu kabisa. Marehemu alikaa mbele ya redio akiitazama, na nilimwona baba yangu akiwa mtu ambaye hayupo, ilhali yupo.

Jumapili ya tatu mama alikwenda stoo bila kumwambia mtu, akaiburuta jenereta mwenyewe mpaka sebuleni, akachomoa waya ukutani, akamwambia Plamen, "Umeme wako mzuri, mwanangu, lakini haujulikani ni wa nani." Akakaa. Akazungusha kwa bega lile lile bovu, kwa hasira, mlio ukapanda, ukashuka, ukapanda, na marehemu akaita kwa mkono wa kushoto, vibaya, akikosea hata jina lake. Kisha Miodrag akajibu, na hakumjibu marehemu, alisema, "Shemeji Nevyana, taratibu, nani kakuudhi leo?" Halafu ndipo akasema, "Vitan, ndugu yangu, nisamehe."

Baba alilia. Mimi pia nililia siku ile, na pengine ndiyo sababu sasa sina kitu.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mwezi Agosti, jenereta ikarudishwa stoo, akarudi nyumbani kwa ombi lake, na tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi, alifariki kitandani kwake, mama akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika ngano ya matanga na kuoka mikate, wafanyakazi wenzake wa kiwandani mliobeba jeneza, na Baba Padri kwa sala. Ninyi wa redio tunawashukuru, na mama ana ombi kwenu. Mzee Miodrag hajui. Nyonga yake haimruhusu kusafiri, na mama amekataza apigiwe simu. Tunajua desturi yenu ya kumtangaza hewani mwenzenu aliyefariki, tunaomba msimtangaze hadi keshokutwa.

Kesho ni Jumapili. Baada ya chakula cha mchana mama atakaa kwenye jenereta, na kwa kuwa hataki mkono wa mtu mwingine usikike, Plamen mwenye leseni atasimama tu karibu, nami nisiyejua nukta wala mistari nitabonyeza kibonyezo na kukishikilia chini, bila neno. Nilimuuliza mama, atajuaje? Akasema, "Atausikia mkono wangu peke yake."

Lala salama, baba. Jenereta tumeshaitoa stoo.